Rozari ya Mshika Kamba

Maman Eulalie wa Kadutu, mjini Bukavu, alizaliwa kabla mkunga hajafika, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuwahi mahali popote. Akiteremka kutoka sokoni kwenda ziwani, pikipiki za kukodi humpita zikishuka, zikampita zikipanda, naye bado anachagua pa kuweka mguu. Enzi zake za kuuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mteja alilipa, akaenda kutafuta unga, akasalimiana na watu, akarudi na kumkuta anamalizia kufunga. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba alipunjwa. Walilalamika kwamba walizeeka.

Hayo yote aliyazoea. Kilichomwuma ni habari ya rozari. Akina mama wa mtaa wake husali pamoja kila jioni, kila mmoja akiwa na zamu yake ya kuongoza, na zamu ya Eulalie ilipofika maharagwe yaliungua majikoni karibu mlima mzima. Maman Consolate, rais wa kikundi, alimwendea kwa ule upole ambao marais huutunza kwa ajili ya kuwaondoa watu.

"Maman Eulalie, Bikira Maria anakusikia vizuri. Shida iko kwetu. Siye tuko na mabwana ku nyumba."

Tangu siku ile Eulalie huitikia tu. Kuongoza, haongozi tena. Mjane hana wa kumpikia haraka, lakini pia hana wa kumlalamikia.

Basi ikatokea kwamba mtu kama huyu akatafutwa mji mzima.

Aliyemtafuta ni Abedi, mzaliwa wa Uvira, wa familia ya Waislamu wafanyabiashara walio na ndugu pwani ya mashariki. Ujana wake aliumalizia huko baharini kwa baba yake mdogo, akizamia majongoo-bahari, kisha akarudi Kongo na mke aitwaye Kulthumu na hadithi ambazo Bukavu haikuziomba. Sasa anazamia Ziwa Kivu kuokota vitu ambavyo watu wameviangusha: nanga, nyavu, mota za mitumbwi, na mara moja sufuria zote za harusi. Hana chupa za hewa mgongoni. Ana kompresa inayonguruma juu mtumbwini, mpira mrefu wa kumpelekea hewa, na kamba kiunoni ambayo mwisho wake wa pili unashikwa na mtu.

Mtu wa kwanza alikuwa jamaa wa Bagira, mwenye mikono ya nguvu na moyo wa huruma, mchanganyiko ambao chini ya maji unaua. Siku moja kamba ilinasa kwenye jiwe. Jamaa akadhani Abedi anakufa, akamvuta juu kama ndoo ya kisimani. Usiku ule mabega ya Abedi yaliwaka moto, na asubuhi miguu haikuwa yake. Ilirudi polepole, kidole baada ya kidole. Alipoweza tena kutembea alishuka ufukweni na kuuliza ni nani mzito wa mwendo kuliko wote katika mji huu. Watu hawakushauriana. Wote walielekeza mkono Kadutu.

"Maman," alisema alipomfikia, "nimeambiwa wewe ni mzito."

"Nani amesema?"

"Wote."

Eulalie alifikiri kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kukasirika na kusamehe. "Basi ni kweli," akasema. "Ukae chini."

Abedi akaomba chupa ya soda, akaitikisa, na kumweleza kazi. Kule chini, alisema, maji yanakubana kila upande, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kubana. Hewa unayovuta inabanwa pia, na sehemu yake moja, azoti, inaingia kimyakimya ndani ya damu, kama gesi inavyokaa ndani ya soda bila kuonekana. Alifungua kizibo kidogo tu, soda ikasema sss na kutulia. Akaifunga, akaitikisa tena, akaifungua kwa mara moja. Povu liliruka hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Ile povu njo ilikuwa mu miguu yangu," alisema.

"Na hii njo kitambaa yangu," alisema Eulalie.

Palikuwa na jambo jingine. Hesabu alizojifunza kwa wazamiaji wa pwani ni za bahari, na bahari iko chini. Bukavu iko juu milimani, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kizibo cha huku kinafunguka zaidi kuliko cha kule. Anayetoka ndani ya Ziwa Kivu lazima awe mpole kuliko anayetoka baharini: apande taratibu, asizibe pumzi, maana hewa ya mapafuni nayo inatanuka, na asimame njiani kwa muda kwenye mafundo mawili yaliyofungwa kwenye kamba ya nanga, gesi itoke bila kelele. Saa yake ya kupimia ule muda ilikuwa imeingia maji, jambo la ajabu kwa saa ya kuzamia.

"Kupima muda si kazi," alisema Eulalie, akatoa rozari mfukoni.

Walijaribu siku nzima kwa saa ya simu. Fungu moja la rozari ya Eulalie, Salamu Maria kumi kati ya mafungu matano, lilichukua muda uleule kila mara, asubuhi na jioni, kabla ya chakula na baada ya chakula. Urefu wake ungemtoa machozi maman Consolate. Abedi alitoa shukrani kwa Mola wake. Wakapatana: fungu likiisha, Eulalie avute kamba mara moja. Fundo la chini lilipewa mafungu mawili, fundo la juu matatu yaliyobaki. Hivyo ndivyo Mwislamu wa Uvira alivyoanza kuokolewa na Salamu Maria, na Kulthumu, aliyekuwa ameolewa na mume pamoja na wasiwasi, akaanza kumpelekea Eulalie sahani ya pilau kila Idi, nyama ikiwa juu.

Baada ya kila kazi Abedi alimsimulia aliyoyaona. Karibu na ufuko kuna kaa wanaotembea kwa ubavu juu ya mawe, na samaki wadogo ambao mama hubeba mayai mdomoni bila kula kitu hadi watoto watoke. Samaki huyo Eulalie alimheshimu. Ukishuka, rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea, kisha samaki wanapungua, na chini zaidi hakuna hata mmoja, kwa sababu maji yale hayana oksijeni, yamejaa gesi. Ila pweza, wa zile hadithi za pwani, alimshinda Eulalie.

"Mikono minane na mioyo tatu," alisema Abedi. "Wa baharini. Anageuza rangi kama jiwe."

"Na mioyo tatu yote haijue kusali?"

"Sijamuuliza, maman."

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, walimzamia mzee mmoja, papa Hugues, mwenye mtumbwi wa abiria wa kisiwa cha Idjwi. Mota yake iling'oka nyuma ya mtumbwi ikitazamwa na abiria wote, akiwemo mbuzi mmoja, na bila hiyo Hugues alikuwa na ubao mrefu tu. Walifunga mtumbwi wake ubavuni mwa ule wa Abedi. Abedi akashuka, mota ikapatikana, ikavutwa juu kwa kamba yake ikitiririka maji, na Hugues akaikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Abedi, akipanda, alikuwa amefika kwenye fundo la chini, naye Eulalie amekwisha kuanza kusali, wakati upande wa kaskazini wa ziwa ulipopotea. Mvua ilikuwa inakuja juu ya maji kama pazia linalovutwa. Radi ikapiga mlimani. Mawimbi yakaanza kupanda.

"Maman, tumuvute," alisema Hugues.

"Bado."

"Kompresa itapinduka. Mutu anakufa na wewe unasali?"

"Angalia mapovu, papa. Anapumua."

"Mita chache tu, maman. Mimi namuvuta na mukono moja."

"Njo sababu wewe haushike kamba."

Hugues hakuwa mtu mbaya. Mzamiaji alikuwa amemrudishia riziki yake. Alitaka kumrudishia kitu upesi, na upesi ndiyo zawadi pekee aliyokuwa nayo. Macho yake yalikuwa yamelowa kabla ya mvua kufika.

Eulalie aliendelea. Alivuta kamba kuashiria fungu la kwanza, akaanza la pili, na radi ya pili ikapiga karibu zaidi. Hapo akahisi jambo ambalo halikuwahi kumpata maishani: ulimi wake ulikuwa unakimbia. Maneno yalitoka yakisukumana, punje zikiteleza vidoleni, na fungu likaisha kama linavyoisha kwa maman Consolate siku ya maharagwe. Mkono wake ukawa tayari kuvuta kamba.

Hakuvuta. Alitazama punje iliyokuwa kati ya vidole vyake. Akafikiria ile miguu iliyorudi kidole baada ya kidole. Kisha akarudi kwenye punje ya kwanza ya fungu lile, akaanza upya.

"Unafanya nini?" Hugues aliuliza.

"Nilikimbia. Hiyo haihesabiwe."

Hugues aliitazama kompresa iliyokuwa ikitikisika. Akavua koti, akafunika kompresa mahali ambapo mvua ingeingia, bila kuziba hewa, akaikumbatia kama alivyoikumbatia mota. Na kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, na mikono yake sasa ilikuwa na kazi, akaanza kuitikia. Aliitikia mbio. Eulalie akamgusa kwa goti. Akapunguza. Akamgusa tena. Mwishowe wakasali kwa mwendo mmoja, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," mvua ikiwapiga usoni, mtumbwi ukipanda na kushuka, na chini yao mapovu yakija kwa utaratibu.

La pili likaisha, Abedi akapanda hadi fundo la juu, na lilipoisha la tano Eulalie alivuta kamba mara ya mwisho. Kichwa cha Abedi kikatoka kwenye maji. Walimwingiza mtumbwini, naye akafanya afanyavyo kila mara: akaketi, akanyoosha miguu, akachezesha vidole vyote, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayewaita watoto wake nyumbani.

"Wote wapo," alisema. "Alhamdulillahi." Kisha akamtazama. "Fungu la pili leo lilikuwa refu, maman."

"Niliiharibu. Nikairudilia."

Abedi alijua radi ilikuwa wapi wakati ule. Aliuona mwanga wake kupitia majini. Akaushika mkono wa Eulalie uliolowa na kuuweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama ambavyo angefanya kwa mama yake Uvira.

Mota ilikuwa imekunywa maji, isingewaka siku ile, kwa hiyo ilibaki kupiga kasia. Hugues alikuwa tayari amelishika la kwanza.

"Ngoja," alisema Eulalie. "Hatujashukuru."

Akafumba macho, akaanza. Hugues alitazama mvua, akatazama Bukavu ilivyokuwa mbali, akamtazama Abedi, ambaye tayari alikuwa ameinua viganja kusali kwa namna yake bila haraka yoyote. Akalilaza kasia chini.