Hapa Ziwa Lilifika

Juzi mdogo wangu aliniita kijijini kwetu, ng'ambo ya Kigongo, nikaone msingi wa nyumba yake. Daraja limenivusha kabla sijamaliza karanga zangu. Enzi zetu, rafiki yangu, kivuko ulikingoja mpaka ukajua matatizo ya ukoo mzima wa aliyekaa jirani yako.

Kijiji chetu tulikijua kwa mawe. Lilikuwepo la kuanikia dagaa, ambako tulishinda tukifukuza kunguru, na la kunolea mapanga. Kisha lile kubwa kuliko yote, kando ya majaruba ya mpunga, lenye mstari mweupe juu ya kichwa cha mtu mzima.

Kila msimu, kabla jembe halijagusa tope, bibi alitupanga mbele ya jiwe hilo. Alitubeba mmoja mmoja tuguse mstari, mikono yake ikinuka dagaa. Alisema alipoolewa ziwa lilipanda hadi pale, likameza nyumba na mahindi.

“Chini ya hapa ni kulima tu,” alisema. “Kulala ni huku juu.”

Tuliitikia haraka haraka, maana nyumbani michembe ya viazi ilikuwa jikoni na akili zetu zote zilikuwa huko. Mdogo wangu ni mziwanda. Alipozaliwa, bibi hakuweza tena kuteremka bondeni, kwa hiyo yeye hakuwahi kubebwa.

Basi nimefika, msingi ninauona katikati ya majaruba. Nikatafuta jiwe. Halipo! Mdogo wangu akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba kina mama waponda kokoto wamelivunja lote na kokoto imetosha nyumba nzima. Nikakaa kwenye tofali.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akatazama ziwa, mbali kule nyuma ya mafunjo.

“Sawa, dada. Lilifika wapi? Nionyeshe.”

Nikasimama pale jiwe lilipokuwa, nikanyoosha mkono juu ya kichwa. Vidole vilitafuta ule ubaridi wa jiwe, na hapakuwa na kitu. Nilimkumbuka bibi.

Mdogo wangu aliutazama mkono wangu. Akanionea huruma, nadhani. Kisha akawageukia mafundi, akawaambia wamwage zege.