Mashine Iliyomlaza Mama Safari

Asubuhi yangu ya kwanza kama muuguzi wa utafiti wa usingizi wa madereva hapa Karatu, Mtafiti Mkuu alinipa agizo moja: "Sista, usiwaulize madereva kama wanakoroma. Waulize wake zao." Jumapili nikawasubiri wanawake nje ya kanisa. Walinicheka sana. Kwetu mume akikoroma husemwa ameshiba.

Mama Safari hakucheka. Alinivuta pembeni. "Wa kwangu anakoroma, halafu ananyamaza kabisa. Mpaka nimtikise ndiyo avute pumzi." Mumewe, Tluway, alikuwa dereva wa watalii, akishuka nao kwenye kreta ya Ngorongoro kila siku.

Nyinyi mnaosomea uuguzi sasa, ugonjwa huo ni koo kuziba usingizini. Pumzi ikikatika, neva huushtua moyo na presha hupanda. Miaka ikipita, moyo huchoka. Mradi wetu ulilinganisha tiba mbili: dawa ya kuzuia neva hizo, na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Tluway alianza na dawa. Presha ilishuka, lakini koo liliendelea kuziba na mchana alisinzia. Akahamishiwa kwenye mashine. Mama Safari alikuja kliniki, akanishika mkono. "Sista, hata mimi nimelala," akasema.

Kisha mradi ukaisha, nikaagizwa kukusanya mashine.

"Daktari, huyu anaendesha watu," nilimwambia Mtafiti Mkuu.

"Najua. Lakini mashine ni mali ya mradi, na majibu tumeshapata."

"Na yeye amepata nini?"

"Alitia saini kwamba atairudisha, Sista."

Nilikataa kwenda. Akatumwa mtu mwingine, akaiweka kwenye boksi mbele ya mama wa watu. Mpaka leo nikikumbuka nawaka. Unamwonjeshaje mtu usingizi, halafu unampokonya na kumshukuru kwa ushirikiano? Ya kununua hawaiwezi, na wanaojua hilo vizuri ni haohao walioichukua.

Tluway aliacha udereva mwenyewe, akiogopa kuua watu. Sasa analima mbaazi. Mimi nimestaafu, na bado naalikwa kwenye semina nikaeleze jinsi jamii ilivyowapokea watafiti. Nimeacha kwenda.

Mama Safari amerudia kazi yake ya zamani: analala mkono ukiwa kifuani mwa mumewe, amtikise akinyamaza. Jumapili mahubiri yakianza tu, anasinzia, na watu wanamcheka. Mimi hukaa kando yake na kuwakazia macho mpaka watazame mbele, nimwache alale.