Nilinunua moisturizer ili mama asijue naishi peke yangu

Wakuu, kwema? Mnaojiandaa kusema hii ni chai, wekeni vikombe chini. Naandika kopo lenyewe likiwa hapa mezani.

Nipo Mbinga, kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Mke wangu aliondoka mwaka jana, akarudi kwao.

Tangu hapo, nikitoka kazini Jumamosi naweza nisiongee na binadamu mpaka Jumatatu. Naongea na redio, wakuu. Tena naibishia kabisa. Upweke unauma, asikudanganye mtu.

Baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua? Ongeza na vumbi la maganda ya kahawa. Uso ulikauka ukaanza kubanduka. Nikipaka mafuta ya mgando nang'aa kama sufuria mpya, halafu vumbi lote linaganda hapo hapo.

Sasa kasheshe ilikuwa mama.

Yuko Lipingo, kule ziwani, na macho yake hayaoni tena. Ukimwamkia anakupapasa uso. Safari moja alishtuka: "We mwana, mbona uso umekuwa kama usipa wa kuanikwa? Mkeo hakuangalii?"

(Usipa ni dagaa wetu wa Nyasa, kwa mnaotoka mbali.)

Nikamwambia mke yupo, anakusalimia. Mama ana presha, na alimpenda yule binti kuliko alivyonipenda mimi.

Niliporudi Mbinga nikaingia duka la vipodozi. Dada muuzaji akanicheka: "Kaka, mafuta mazito ya nini? Chukua hii nyepesi, jipake uso ukiwa bado na majimaji."

Niseme ukweli, kitu ni kizuri. Ni laini, kinaingia chenyewe, hakinati, hakina harufu kali. Baada ya wiki chache uso ukatulia. Kazini hakuna aliyeona. Nyumbani nani aone?

Nikashuka Lipingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mikono ikaja, paji la uso, mashavu, kidevu. Akacheka kwa furaha. "Ee! Sasa unatunzwa. Mungu ambariki mkamwana wangu." Akaanza kumwombea kwa jina.

Mpango ulikuwa umetiki, wakuu. Ila ile sala ilinishinda.

"Mama, aliondoka. Najipaka mafuta mwenyewe."

Mkono wake ukabaki shavuni. Nikajua sasa presha inapanda.

"Hiyo dawa unayo hapo?"

"Ipo kwenye begi."

"Lete nikupake."

Mwanaume mwenye ndevu nimekaa mkekani napakwa uso kama mtoto anayekwenda shule. Alipaka mpaka nyuma ya masikio. Nikalia, naye akawa anapaka juu ya machozi.

Nilichojifunza: moisturizer nunueni, hasa mnaokaa kwenye baridi. Ila mama yako usimfiche. Siku hizi nikipata nafasi nashuka, na kopo nalibeba.

Mnaoishi peke yenu, karibuni mchangie, lakini bila utani: mara ya mwisho mtu kukugusa uso ilikuwa lini?