Mwalimu Aliyeuliza "Hii Nini?"

Watoto wa darasa la pili walimwita Bi Kadi, naye alijua ila akajifanya hajui. Kila alikokwenda alikuwa na boksi la kadi alizokata mwenyewe kwenye makatoni ya sabuni: mbele picha, nyuma neno. Anainua kadi, anauliza, "Hii nini?" Watoto wanajibu kwa pamoja, anaigeuza, wanasoma. Kwa mtindo huo aliwafundisha kusoma watu ambao sasa wana ndevu, na baadhi yao ndio wazazi wa hawa wa leo. Ukimwambia kuna njia mpya ya kufundisha, anakutazama kuanzia viatuni hadi utosini, kisha anaendelea na kadi zake.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba siku hizi alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

Ilianzia jikoni. Alisimama mbele ya sufuria akitafuta jina la kile cha kukorogea. Alikiona, amekishika, jina hakuna. Akacheka peke yake, akasema uzee huo. Kesho yake jina lilirudi, lakini jingine likaondoka. Ilikuwa kama nyumba inayoibiwa na mwizi mwenye adabu, anayechukua kimoja kimoja na kufunga mlango taratibu.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuishi na mama yake. Mama yule alianza hivi hivi, kwa vijiko na vikombe, akamalizia kwa watu. Mwisho alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, akimwuliza Bi Kadi, binti yake aliyemlisha na kumwogesha, "Samahani dada, mwanangu bado hajarudi kutoka shule?"

"Ni mimi, mama. Nimesharudi."

"Aa, wewe mtu mzima. Wangu mdogo."

Alikufa akimsubiri. Tangu hapo, jioni akirudi, Bi Kadi alisikia swali lile ndani kabla hajaingiza ufunguo, kwa sauti ile ile ya upole, na nywele zikamsimama. Kufa hakukumtisha. Aliogopa kuondolewa darasani akapelekwa kukaa kwenye kiti kile.

Kwa hiyo alizing'ang'ania kadi zake. Zilimsitiri. Mwalimu akiuliza, nani atamshuku? Watoto wakijibu "Mwavuli!" naye anapokea, "Mwavuli! Vizuri sana," huku moyoni akimshukuru Mungu kwa neno lililorudi. Hata maandishi ya nyuma yalipoanza kumchezea, aliwaachia wao wasome.

Ila watoto, ndugu yangu, hawana dogo. Nyuma kabisa alikaa mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hanyamazi. Asubuhi moja Bi Kadi aliinua picha ya birika.

"Hii nini?"

Redio akawahi: "Ndoo!"

Darasa likaangua kicheko.

"Vizuri sana," akasema Bi Kadi. "Ndoo. Mpigieni makofi."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyepiga makofi. Redio mwenyewe aliinamisha kichwa, maana alichotaka ni kukaripiwa, na hakukaripiwa. Bi Kadi alizipitia nyuso zao moja moja, akaelewa kwamba amekosea, ila hakujua wapi.

Dawati la mbele lilikuwa la msichana mzito wa kusoma. Mwanzo wa mwaka alikuwa akilia kila akiitwa ubaoni, na Bi Kadi akawa anabaki naye wakati wa mapumziko, kadi baada ya kadi, mpaka akafunguka. Huyo ndiye aliyeinuka sasa. Akaichukua kadi polepole mkononi mwa mwalimu, akaigeuza, akaweka kidole chini ya neno.

"Bi-ri-ka," akasoma. "Usiogope, mwalimu. Tutarudia tena." Ndivyo alivyozoea kuambiwa yeye.

"Birika," akafuata Bi Kadi.

Hofu ilimwachia kidogo. Akamtazama yule mtoto kwa mapenzi, jinsi kidole chake kilivyotulia, jinsi alivyosoma bila pupa, akatamani kwa dhati kumjua mtu aliyeifanya kazi nzuri namna ile.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nani amekufundisha vizuri hivi?"

Msichana aligeuka akawaangalia wenzake, kisha akamrudia.

"Ni wewe, mwalimu."