Ndege ya Mkonge

Juzi hapa Migori nilimwona mzee akirusha ndege ya mbao nyepesi, rimoti mkononi. Nikakumbuka yangu, ya mti mkavu wa mkonge, iliyonukia uji wa muhogo niliobandikia mabawa.

Utotoni nilikuwa nikicheza peke yangu kwa dani, nyanya yangu, Homa Bay. Nilisikia ndege huongozwa kwa redio, basi nikachukua redio ya dani, ikisoma matangazo ya vifo. Nilirusha ndege yangu, nikazungusha pa kutafutia stesheni, ndege ikakata kushoto. Nilijiona rubani.

“Rudisha palepale ilipokuwa stesheni, nyathina, mwanangu,” dani alisema. “Walikuwa wanataja watu wa kwetu.”

Sikuipata tena stesheni ile. Alikaa na redio sikioni mpaka jioni.

Kumbe aliyetajwa alikuwa kakake. Alizikwa bila dani kuwapo. Hilo niliambiwa kwenye matanga yake dani. Mwenyewe hakuwahi kunilaumu.