Bahasha ya Msomaji wa Pili

Nilichungulia. Kwa miaka mingi nimekana, tena kwa uso mkavu, hata mbele ya mkuu wangu wa kazi. Sasa nimestaafu, acheni niseme.

Siku ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Bukavu wakati wa Zaïre, nilifika na diploma mpya ya udaktari na viatu vya kisigino kirefu. Sakafu ilikuwa imemwagikiwa parafini, nikateleza hadi mezani kwa mkuu. Parafini ni nta: tuligandisha ndani yake kipande cha nyama kilichotolewa kwa mgonjwa, tukakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, tukakibandika juu ya kioo na kukitia rangi.

Daktari mkuu, mzee mwenye suti ya abakosti iliyopigwa pasi, alinipa sheria moja. Yeye husoma kioo kwa hadubini, huandika jibu na kulifunga ndani ya bahasha. Mimi nakisoma bila kujua jibu lake, naandika langu. Ndipo tunafungua.

"Ukiangalia yangu, njo nimesoma mara mbili miye peke yangu," alisema. "Na mugonjwa, nani atamusaidia?"

Miezi michache baadaye kikaja kioo cha mwalimu mmoja kutoka Walungu, mama wa watoto watano mwenye uvimbe kwenye titi. Niliona vijitezi vilivyobanwa na kovu, lakini vimejipanga kwa utaratibu. Si kansa, niliwaza. Kisha nikaogopa: mimi nani? Nikainua bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ilikuwa nyembamba. Kansa. Nikaandika kansa, na daktari wa upasuaji akapanga kulikata titi siku ya Alhamisi.

Jumanne nilikirudisha kioo chini ya hadubini. Nikamwendea mkuu.

"Docteur, naomba tutume ile kioo Kinshasa, kwa professeur."

"Juu ya nini? Siye wawili tulikubaliana."

"Nimeirudilia. Sioni tena kansa."

Akaniangalia. "Citoyenne, ulifungua bahasha?" Siku zingine zote aliniita binti yangu, si raia.

"Hapana, Docteur."

Kwa kweli sikuifungua. Nimeishi juu ya neno hilo miaka mingi, na halikai vizuri.

Hakuuliza tena. Alimwandikia daktari wa upasuaji barua kwa mkono wake, kwamba kosa, kama lipo, ni lake, akaomba upasuaji usubiri, na kioo akakituma Kinshasa. Nilitumwa vituo vingine baadaye, chini ya wakuu wengine, nami nikawa mkuu pia. Sikuona tena mtu mzima akikubali kusahihishwa kwa upole namna ile. Ninamshukuru hadi leo. Bahasha zangu nilizitengeneza kwa karatasi nene.

Majuma mawili mwalimu alingoja wodini. Kila nilipopita aliuliza, "Docteur, wananikata lini?" Nikawa napita mlango wa nyuma.

Simu ilikuwa ofisini kwa mkurugenzi. Mkuu alishika mkonga wa simu kwa mikono miwili, daktari wa upasuaji na mimi tukiwa tumesimama mbele yake.

"Allô, professeur. Sema tena, laini iko mubaya." Akasikiliza. "Vijitezi na kovu. Ndiyo. Hakuna kansa? Hata kidogo?" Akaziba mkonga kwa kiganja na kunigeukia. "Enda umuambie ule mama avae nguo, arudie kwake muzima. Miye njo nilikosea."