Destroya za Brazili na Mgeni Wangu Mmoja

Kwetu Mwanza, mtu akimaliza chuo ukoo mzima hukodi basi, na shangazi ambao hawakuwahi kuuliza unasomea nini huja wamevaa sare. Siku ya kutetea tasnifu yangu hapa Guangzhou, China, nilihitaji mtu mmoja tu wa kukaa kiti cha nyuma, anayejua nimetoka wapi. Nikamwomba mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa nguo kwenye soko la Shahe, ambaye Jumapili tunasali naye.

"Nitakuya, mutoto yangu," aliniambia. "Kontena ikishafungwa kule bandari ya Nansha, nitakuya mbio."

Nasomea uhandisi wa meli. Tasnifu ilihusu destroya, manowari nyepesi zenye kasi, ambazo Wabrazili walizijenga wenyewe. Walikuwa wameagiza sita Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia vikaanza, Waingereza wakazichukua wao. Wabrazili hawakususa. Walianza kujenga zao huko Rio kwa michoro ileile, huku wakingoja mitambo na mizinga kutoka Marekani. Vita vikaisha kabla hata moja haijakamilika, nao wakaendelea kujenga. Wenzangu darasani waliona nimechagua mkosi. Mimi niliwapenda kwa ubishi huo.

Siku yenyewe kiti cha nyuma kilibaki kitupu. Nilizungumza Kichina changu chote huku nikitupia jicho mlango kila ulipotikiswa na upepo. Walimu wakauliza maswali mawili matatu, wakanipitisha, wakaenda kula. Sijapata kufaulu jambo nikajisikia mnyonge vile.

Mama wa Lubumbashi alinikuta nimekaa sakafuni kwenye korido. Alikuwa na mifuko miwili mikubwa ya nguo, jasho linamtiririka.

"Pardon, mutoto yangu. Ule laoban, bosi wa kupakia mizigo, alikuwa anasema tu meiyou, meiyou, nafasi hakuna, mpaka nikamupandishia sauti. Umeshamaliza?"

"Nimemaliza, mama. Nimefaulu."

Akapiga kigelegele, mlinzi akachungulia. Kisha akaketi juu ya mifuko yake. "Bon. Anza tena, kwa Kiswahili."

Nikaanza tena: mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, mbavu zake, miaka ya kungoja mitambo. Nilipofika pale vita vinapoisha, kichwa chake kilikuwa kimeniangukia begani, anakoroma taratibu. Sikumwamsha. Nilishusha sauti, nikamweleza mpaka manowari ya mwisho.